Mwanangu Anaitikia Jina la Mtoto wa Jumbe

Barua hii imetufikia kutoka upande wa Mlima Meru. Mwenyewe ametuomba tufiche jina lake na la mtaa wake, nasi tumeficha.

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka kama ishirini na minne, hivyo ndivyo mwalimu wa misheni alivyonihesabia. Nilisoma kwake kidogo kabla sijaolewa, ndiyo maana naweza kuandika, ingawa mkono wangu ni mzito. Nina mume na mtoto mmoja wa kiume. Tunakaa mteremkoni, si mbali na boma la Arusha, kwenye shamba la jumbe wetu. Mwanangu hapa nitamwita Saruni. Hata hilo si jina lake. Mtoto huyu ana majina mengi kuliko nguo.

Mambo yalianza pale Bwana Mkubwa wa bomani alipoamuru kila jumbe atoe mtoto wake mmoja aende shule ya serikali. Huku kwetu amri ile ilipokewa kama msiba. Shule ile wanasoma watoto wa askari, na askari ndio waliowachapa waume zetu walipokuwa wakibeba mawe ya kujengea boma. Nani atake mwanawe akae benchi moja na watoto wao? Jumbe akamficha mwanawe, ambaye nitamwita Loserian, kwa wajomba zake. Kisha akaja kwetu, akamwambia mume wangu, "Wako na wangu wanalingana kimo. Mzungu hatutofautishi. Aende wako, aitikie jina la wangu."

Mume wangu alikubali kwa kichwa tu. Nilipomwuliza mbona hakusema neno, aliniambia, "Tunalima shamba la nani, mke wangu?" Lakini nisiwadanganye. Wanawake walikuja kunipa pole, na mimi moyoni nilikuwa na furaha. Nilitaka mwanangu asome apite pale nilipoishia mimi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watoto wa mjini walimkimbia wakisema ananuka samli. Kwenye mfereji nako wenzangu walinicheka: "Mama serikali huyo! Baba alibeba mawe, mwana anakwenda kuyakalia." Aliyemwokoa Saruni ni mtoto wa askari mmoja, naye nitamwita Feruzi. Alimpigania, na tangu hapo wanakula sahani moja. Nilipokwenda na mkungu wa ndizi kumshukuru mama yake, nilirudi nyuma mlangoni, maana niliona kofia ya mumewe imetundikwa ukutani. Yule mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Pita, bibi wee, kofia haiumi!" Leo ndiye shoga yangu, na kule mjini ndiye pekee anayejua kwamba Saruni ni wangu.

Sasa sikieni kinachoninyima raha. Saruni amewapita wenzake karibu wote kwa kusoma. Bwana Mkubwa amesema mtoto huyu wa jumbe apelekwe Tanga kwenye shule kubwa, arudi akiwa karani. Na kabla ya safari atapanda huku mwenyewe, ampe baba mkono na kumwona mama.

Jumbe alituita, uso umemshuka. Anaogopa kuliko sisi. Akaniambia, "Siku hiyo mke wangu mkubwa ndiye mama yake. Wewe usionekane hata kwenye migomba. Utalia, nami nakujua."

Nikamwuliza, "Na akirudi kutoka Tanga, baba, atarudi kwa nani?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Karani atatoka nyumba ya jumbe. Atatoka wapi kwingine?"

Nilishuka mbio kwa mama Feruzi, nikamwambia nakwenda bomani kusema kweli. Alinishika mikono yote miwili. "Shoga, wallahi usithubutu! Jumbe atalazwa chini apigwe viboko hamsa ishirini, na mumeo atalazwa kando yake. Na Tanga mtoto haendi tena. Unadhani wanamtaka kwa akili tu? Feruzi wangu analingana naye, mbona hakutajwa? Baba yake ni askari tu. Wanaopelekwa ni watoto wa wakubwa. Siku Saruni akijulikana ni wako, machoni mwao hana akili tena." Aliyasema hayo bila wivu wowote, anakuna nazi yake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Basi nikisema, mume wangu atachapwa, shamba litakwenda na shule itakwenda. Nikinyamaza, mwanangu atasoma, lakini atakuwa wa watu wengine. Mume wangu anasema, "Acha aende. Wamwite watakavyo, damu ni yetu." Mimi sioni damu ikimrudisha mtu nyumbani ambako hakuna anayemtaja.

Mwezi ukiandama, Bwana Mkubwa anakuja. Gazeti hili huku kwetu huletwa na tarishi kutoka Moshi, tena hukawia, kwa hiyo mwenye neno asingoje. Saruni aliniuliza, "Yeyo, siku hiyo nikikuona nikuite nani?" Yeyo ndivyo tunavyomwita mama. Nilimjibu asiniite kabisa.

Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jumbe na mzigo wa kuni, nikawasikia wanamfundisha Saruni kumwita mke mkubwa mama. "Huyu ni nani yako?" Akasema kwa sauti ndogo, "Yeyo." Wakamkemea aseme kwa nguvu, wakarudia, wakarudia. Mwisho alijibu kwa sauti safi, bila kusita, kama aliyezaliwa mle ndani. Wakampigia makofi. Mimi nilisimama na kuni kichwani, siwezi kwenda mbele wala kurudi.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mliowahi kupeleka mtoto mbali, niambieni. Ninyamaze mwanangu aende, au siku ile nitoke kwenye migomba nimwite kwa jina lake?