Tetemeko Siku ya Hina

Kwetu Takaungu mwari hatoki nje. Akishawekwa ndani kwa ajili ya harusi anakaa chumbani, anasingwa mwili kwa liwa yenye manukato, analishwa, anafundwa, na jua halimwoni, sembuse wanaume. Mimi niliwekwa hivyo, na mama yangu vivyo hivyo. Mjukuu wangu huyu, niliyemlea tangu mamake alipofariki akiwa bado ananyonya, nilimweka kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumtafutia somo wa kumfunda. Nani angemjua kuliko mimi?

Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue nilikuwa nimeshika nini mkononi siku ardhi ilipotikisika.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya babu yake mume wangu. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima hukaa dirishani akakunja miguu. Juu kuna boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa. Nimejivunia nyumba hiyo maisha yangu yote na siombi radhi. Wenzangu wakihangaika na makuti yanayovuja, mimi huwa nimelala. Nyuma pana kichochoro chembamba, ukuta wetu huku na ukuta wa jirani kule, ndefu zote mbili. Hiyo ndiyo njia ya wanawake tangu zamani. Mbele pana uwanja, na siku hiyo ya hina uwanja ulikuwa umejaa wanaume. Wanafunga turubai, wanachuna mbuzi, wanabishana kuhusu kuni.

Adhuhuri imeshasaliwa. Mwari ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mpakaji amemaliza nyayo na anaingia viganjani. Mama wa bwana harusi keshafika na begi la nguo za mwari, la magurudumu, kubwa kama jokofu, na amelisimamisha katikati ya chumba ili asiwepo wa kusema hakuliona. Mwanamke yule ana maneno. Nami ninayo, kwa hiyo tulikuwa tukiheshimiana kwa mbali.

Mlangoni alikuwa mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, anamenya vitunguu saumu. Huyu ni mtu wa bara, kazaliwa Bonde la Ufa, anafundisha jiografia sekondari huko Kilifi. Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Nilikuwa nikimwambia, "Mwalimu, maneno yako yanataka chumvi," naye hucheka tu.

Kuku wa uani ndio walioanza. Walikuwa wakilia, mara wakanyamaza wote. Kisha pakaja mshindo mmoja mfupi, glasi za sharubati zikagongana kwenye sinia.

"Lori hilo," nikasema. "Linatoka timboni na mawe."

Huku kwetu mawe ya kujengea yanakatwa kila kona, na malori yakipita nyumba hunguruma. Tumezoea. Lakini mkwe alikuwa ameshainuka, kisu mkononi, anatazama dari.

Basi ikaja ile nyingine. Hiyo haikuwa lori. Chumba kizima kilikwenda upande, kikarudi, kikaenda tena. Sakafu ilikuwa kama mgongo wa punda anayekataa mzigo. Chokaa ikamwagika, vumbi likajaa, begi likabingirika peke yake mpaka ukutani. Wanawake wakapiga shahada. Mpakaji hina alipaa, kaacha kiatu kimoja. Mimi nilijikuta nimemlalia mjukuu wangu, mwili mzima, na hina yake imenipaka shavuni.

Ikatulia. Hata sijui ilichukua muda gani. Unapotikiswa hivyo kitambo kidogo huwa kirefu.

Nilipoinua macho nikauona ufa. Ulianzia pembe ya mlango ukapanda hadi kwenye boriti, na boriti yenyewe imechomoka kidogo kwenye tundu lake. Jiwe moja pale juu lilikuwa limekaa kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Tutoke," mkwe akasema. "Wote. Sasa hivi."

"Si limepita?" nikamwambia.

"Tetemeko likipita huacha mengine nyuma yake, mama. Mara nyingi ni madogo, lakini ukuta huu haungoji kubwa. Mwari asikae chini ya boriti hiyo."

Mama wa bwana harusi alikuwa anajipangusa vumbi kwenye buibui. Akageuka.

"Mwari atoke nje? Mchana? Mbele ya wachinja mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Sikiliza, mwanangu. Huko kwenu bara sijui mnaozaje. Hapa mwari akishatazamwa na watu kabla ya siku yake, mimi simpeleki kwa mwanangu. Nalibeba begi langu naondoka, na harusi imekufa. Naapa."

Kila mtu ananitazama mimi. Mjukuu wangu amenishika kidole kama alivyokuwa akinishika mdogo tukienda kliniki. Mwari hasemi.

Mimi nikaona nina akili kuliko wote. Nikasema, "Tumpitishe kichochoroni. Hakuna mwanamume, atakaa pale pale mpaka mambo yatulie, kisha tumrudishe. Nani atamwona?"

Mama wa bwana harusi akatikisa kichwa kukubali. Mkwe wangu, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu, akanipazia sauti.

"Kichochoroni hapana! Ni afadhali hata humu ndani. Kuta mbili ndefu, katikati nafasi ya mtu mmoja tu, zikiangusha mawe mtakimbilia wapi? Mlango wa mbele, mama. Uwanjani, mbali na kila ukuta."

"Unanipigia kelele?"

"Nakupigia."

Nilimtazama. Mdomo ulikuwa unamtetemeka. Na huyu si mwoga, maana niliwahi kumwona akimuua nyoka koboko kwa mchi. Nikajisemea, kama huyu anaogopa, pana kitu. Nikavua leso yangu ya kujitandia.

"Vueni leso!" nikawaambia wanawake. "Kila mtu ashike pindo. Tumzungushe."

Tukafanya ukuta wa leso, wanawake wamenyanyua mikono juu, mwari katikati, mimi nimemfunika kichwa na kumkumbatia. Mguuni hana kiatu kwa ajili ya hina. Tukatoka mlango wa mbele hivyo, kama jeneza linalotembea, nami nawapigia wanaume kelele, "Geukeni! Tazameni mbuzi wenu!" Wakageuka. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia kabisa. Mama wa bwana harusi akatufuata nyuma na begi lake, linarukaruka kwenye mchanga, na yeye anahesabu dhambi zangu kwa sauti.

Mwisho wa uwanja pana jiko la jirani yetu Mgiriama, miti na udongo, makuti juu. Mkwe akasema tukae karibu nalo. Nikamwuliza kwa nini kibanda hicho kisituangukie.

"Kikianguka kitakuchafua tu," akasema. "Chepesi. Miti yake inapinda. Nyumba yako imejengwa kubeba uzito wa kwenda chini, na hiyo kazi inaiweza. Kusukumwa upande haijui."

Iliniuma. Nyumba ya mawe kushindwa na jiko la udongo!

Tukangoja. Hapo ndipo penye taabu, maana hakuna kilichokuja. Jua kali, mikono inauma, mwari amejikunyata ndani ya leso jasho linamtiririka. Wanawake wakaanza kuuliza: kitu gani hicho kinachotikisa nchi? Mmoja akasema ni adhabu, mwingine akasema ni hao wanaochimba mafuta. Mkwe akashika leso niliyoishika mimi, upande wa pili.

"Chini yetu ardhi si kipande kimoja," akasema. "Ni vipande, na vinasukumana pole pole kila siku. Kule kwetu Bonde la Ufa nchi inaachana. Chini ya bahari hii pia kuna nyufa. Pale vipande vinapogusana hukwama, na nguvu inajaa, inajaa. Siku mwamba ukichoka, unaachia kwa ghafla. Tunachosikia huku ni mawimbi ya kule ulikoachia."

Akanisukuma kwa leso, akanivuta. "Wimbi la kwanza linasukuma na kuvuta hivi. Lina mbio lakini ni jepesi. Ndilo uliloita lori, na labda kuku walilisikia kabla yetu." Kisha akaitikisa leso ikaenda kama nyoka mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. "La pili linakuja nyuma, linakwenda kando kwa kando. Hili ndilo linalovunja nyumba."

"Na bahari?" mmoja akauliza.

Akasema tetemeko likitokea chini ya bahari, na liwe kubwa, maji huweza kuinuka, na alikuwa ameshawatuma watu wawili wakatazame hori, ule mkono wa bahari hapo chini. Maji yakikimbia ghafla kuliacha tope, sote tupande juu bila kungoja kuuliza. Walituma salamu kwamba maji yako palepale. Lakini ndoo ya kisimani ilipoletwa, maji yalikuwa meupe kama tui. Wanawake wakaguna.

"Yametikiswa na udongo wake," mkwe akasema. "Yatatulia."

"Na hilo lingine lako linakuja saa ngapi?" Mama wa bwana harusi huyo, amekaa juu ya begi.

"Sijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua saa yake, mama. Laweza kuja sasa, laweza kuja kesho, laweza lisije."

"Laweza lisije!" Akasimama, akawageukia wanawake. "Mwasikia? Mwari ameanikwa kama dagaa kwa ajili ya tetemeko ambalo laweza lisije!"

Wallahi maneno yale yalinichoma, maana nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Wanaume walishaanza kuchochea moto upya. Wengine waliingia nyumbani kwangu kuchukua sinia, wakatoka wazima. Leso zilikuwa zinashuka. Kijana mmoja alichungulia, nikamwona. Nikafikiria maneno yatakayosemwa mpaka Kilifi: yule bibi anayejidai, mwari wake alitolewa nje akakaa jikoni kwa watu. Nikajisemea, nikimrudisha sasa, harusi ipo. Nisipomrudisha, nitakuwa nimeivunja kwa ajili ya ufa ukutani.

Nikamwinamia. "Mjukuu wangu, turudi?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, sirudi mle. Hata kama siolewi."

Mwari amesema! Nilitaka kumfinya. Nikasimama nikamwambia mama wa bwana harusi, "Umesikia. Anakaa hapa. Nami nakaa naye."

"Basi." Akalikamata begi. "Mimi napita zangu kichochoroni, sipiti tena katikati ya wanaume kama mchuuzi. Mtasikia kutoka kwangu."

Akaenda. Alikuwa ameshafika kwenye mdomo wa kichochoro mkwe alipomdaka buibui. Yule anavuta, huyu anavuta. "Niachie, wewe msichana wa bara!" "Pitia uwanjani, mama!" "Niachie nasema!" Begi limeanguka ubavu, watu wameanza kucheka, nami nataka kwenda kuwaamua.

Nikausikia nyayoni. Mshindo mfupi. Safari hii nilijua ni nini, na nilijua kinachokuja nyuma yake.

"Shukeni chini!" nikapiga kelele.

Ardhi ikaenda upande. Si kama la kwanza, lilikuwa dogo, wala masufuria hayakumwagika. Lakini ukuta wa jirani, ule wa kichochoroni, ulitoa sauti kama mtu anayejikohoza, na sehemu ya juu ikalala. Mawe yakashuka ndani ya kile kichochoro moja juu ya jingine, vumbi likatoka mdomoni mwake likawafunika wale wawili.

Mimi nilikimbia. Kwa umri huu na miguu hii nilikimbia, na mwari nilimwacha peke yake. Niliwakuta wameketi mchangani, weupe kama walioanguka kwenye pipa la unga, mkwe bado amelishika buibui kwa mikono yote miwili. Mbele ya nyayo zao lilikuwa rundo la mawe linalofika kiunoni.

Mama wa bwana harusi alilitazama rundo lile. Akatema vumbi.

"Mikono ya huyu," akaniambia, "umeilisha nini?"

"Ugali," mkwe akajibu mwenyewe, na akaanza kulia.

Chumbani dari haikuanguka. Ile boriti ilibaki palepale inaning'inia, na mpaka leo kuna watu wananiambia mwari angekaa tu asingedhurika. Nawaambia waende wakalale chini yake wao.

Kilichobaki kilikuwa aibu yetu pale uwanjani. Leso zilikuwa chini, mwari amesimama mlangoni mwa jiko peke yake, hana ukuta, kila mtu amemwona. Mama wa bwana harusi naye akamwona. Nikangoja aseme lake.

Alilivuta begi mpaka pale jikoni, akalifungua. Begi la harusi halifunguliwi na aliyelileta, hilo najua mimi na anajua yeye. Akatoa leso mpya, doti kwa doti, bado zimekunjwa na zina harufu ya duka na udi, akaanza kuzining'iniza kwenye miti ya jiko, mlangoni, dirishani, kila penye tundu.

"Mwari hatoki nje," akaniambia bila kunitazama. "Amehama chumba tu. Nani amesema ametoka?"

"Hakuna aliyesema," nikamjibu.

Harusi ilifanyika kesho yake, chini ya turubai, mbali na kuta. Lakini jioni ile mimi na yeye tulikaa mlangoni mwa lile jiko, walinzi wawili, ndani mpakaji anasahihisha hina iliyoharibika. Mkwe alikuwa ametuambia hatuwezi kujua kama limekwisha. Kila mlango ulipobamizwa tulishikana mikono, kisha tukaachiana haraka.

Jua lilikuwa linashuka aliponiegemea.

"Hebu sikiliza," akasema. "Hilo ni tetemeko, au magoti yangu?"

Nikaweka kiganja mchangani. Nikangoja.

"Magoti," nikamwambia. "Kaa."