Kuitetea Nyumba Milele

Nilisomea sheria nyumbani Kenya, nikahitimu, kisha nikaja Texas na kugundua kwamba shahada yangu ilitosha kunipa kiti cha karani. Kwa miaka kumi na mmoja nilikikalia kiti hicho katika ofisi ya hati za nyumba mjini Sugar Land, nikipanga karatasi zilizosubiri saini za watu wengine. Sasa naishi Arlington na kazi yangu ni nyingine. Lakini siku hizo nazikumbuka kwa upendo ambao sikuwa nao nilipokuwa ndani yake.

Nilichopenda ni lugha ya zile hati. Kiingereza cha kale cha sheria hakisemi jambo kwa neno moja. Husema mali na vitu, kutoa na kukabidhi, batili na bure. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba zamani wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa na raia wao Kiingereza, basi mambo mengi yakatajwa kwa lugha zote mbili ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kanisani kwetu Stafford, mji jirani, tulifanya vivyo hivyo: Wakenya tulitoa tangazo, Wakongo wakalirudia kwa namna yao, na watoto wakauliza kwa Kiingereza tutaondoka saa ngapi.

Katika kanisa hilo alikuwapo mama mmoja kutoka mashariki mwa Kongo, mjane, aliyefunga maboksi ghalani hadi magoti yake yakakataa kazi. Binti yake alikuwa amejifungua mapacha huko Fort Worth na alimhitaji haraka. Mama akapata wanunuzi wa nyumba yake, vijana wawili waliooana karibuni. Siku ya kutia saini aliniomba niketi kando yake nimsomee kwa Kiswahili. Nilisoma mbiombio mpaka kwenye sentensi niliyokuwa nimeipita mamia ya mara: kwamba muuzaji anajifunga, yeye na warithi wake, kuitetea nyumba milele kwa ajili ya mnunuzi, dhidi ya kila atakayeidai kwa haki.

Akaiweka kalamu mezani.

“Warithi ni nani?”

“Ni watoto wako, Mama.”

“Basi sisaini.”

Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayewaza chakula cha mchana, kwamba hayo ni maneno ya zamani tu, yamo katika hati nyingi.

“Kama ni maneno tu, juu ya nini waliyaandika? Kule chuo walikufundisha kusoma ao kuruka mistari?”

Kisha akanisimulia. Kwao, baba yake aliuza shamba na kumwapia mnunuzi, mbele ya majirani, kwamba yeye na uzao wake wangesimama naye yeyote akija kulidai. Baba akafa. Watu walipokuja kulidai, mnunuzi alimwita kaka mkubwa wa Mama, naye akaenda, kwa sababu ya neno ambalo hakulisema yeye. Hakurudi.

“Mie sitafunga batoto bangu,” alisema. “Nijifunge mie peke yangu.”

Niliyatafsiri hayo yote kwa wakili wa ofisi, mwanamke Mtexas mwenye subira. Hakucheka. Alisema upo mtindo mwingine wa hati, finyu zaidi, ambao muuzaji huwajibika tu kwa madai yaliyotokana naye mwenyewe, wala si vinginevyo. Na warithi tungeweza kuwaondoa. Wanunuzi, waliokuwa ng’ambo ya meza, wakanong’onezana, wakakubali. Hati ikachapwa upya. Safari hii nilimsomea Mama neno kwa neno, naye akaomba nirudie pale penye “yaliyotokana naye mwenyewe”. Nikarudia. Nilidhani tumemaliza.

“Sasa iko shida ingine,” akasema.

Miaka michache nyuma kimbunga kiliangusha uzio wake. Aliposimamisha mwingine, aliusogeza hatua moja na nusu ndani ya kiwanja cha jirani, apate nafasi ya lengalenga, mboga ambayo sisi twaiita mchicha. Jirani hakusema kitu, naye hakuuliza. Ramani iliyokuwa kwenye faili ilipimwa kabla ya kimbunga; hakuna ambaye angejua.

“Ile ndiyo imetoka kwangu,” alisema, akaisukuma hati mbali.

Nakiri kwamba nilikasirika. Kwa kunyamaza tu angelala Fort Worth wiki hiyo, wajukuu kifuani. Badala yake nilitafsiri, mnunuzi akamtazama mkewe, wakili akafunga faili, na shughuli ikaahirishwa, bila yeyote kuahidi kwamba itarudi.

Jumamosi wanaume wa kanisa tulikwenda na sepetu kuurudisha uzio mahali pake. Wakenya tulipima, Wakongo wakachimba, na sote tukabishana kama mstari umenyooka. Jirani, mzee wa Kitexas, alitoka na ndara miguuni. Mama alimweleza kosa lake lote huku mimi nikitafsiri, naye akajibu kwamba alilijua tangu siku ya kwanza; ambacho hakukijua ni jinsi majani yale yanavyopikwa. Mama akamwambia. Lengalenga zikabaki upande wa mzee, naye akaingia ndani kutafuta karatasi aandike mapishi.

Jumatatu wanunuzi walirudi. Mama aliandika jina lake lote polepole, herufi moja moja, akiwa amenyoosha mgongo kama mtu anayeapa mbele ya hakimu. Alasiri hiyohiyo binti yake alimchukua.

Mteja aliyefuata alikuwa mtu mwenye haraka, mwenyeji wa huko, anayeuza nyumba ya tatu maishani mwake. Hati yake ilikuwa ya mtindo mpana, kujifunga na kutetea milele, warithi na wote. Nilimwomba aniruhusu nimsomee sentensi moja kabla ya kusaini. Alisema hana haja, anaijua, ni maneno tu.

Nikamsomea.