Wati Nne kwenye Ukingo wa Newala

Siku yangu ya kwanza ya udereva, Meneja Usafirishaji hakuniuliza habari za gia wala breki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanionyesha redio ya kuongea iliyofungwa chini ya dashibodi. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na malori yetu yalizunguka Mnyambe, Chilangala na kwingineko kuchukua magunia na kuyashusha Masasi.

"Hii ni ya wati nne, ndiyo nguvu inayoruhusiwa," aliniambia. "Usifunge busta. Utawavuruga wenzako, na kusikia kwako hakutaongezeka."

Wengi tuliona anatubania. Barabarani nikamwelewa. Busta huongeza nguvu ya kusema tu. Kinachosaidia ni antena ndefu, iliyokazwa vizuri kwenye chuma na kupimwa hadi ilingane na redio, na zaidi ya yote, mahali uliposimama. Bondeni kilima kinaziba, hata mwenzako aliye jirani humpati. Ukingoni mwa uwanda wa juu wa Newala, wati zile zile nne zilifika Masasi.

Rafiki yangu mkubwa kazini alikuwa Baba Zuhura, dereva wa Chiungutwa, mtu wa maneno mengi. Msimu mmoja mvua ziliwahi, naye alinitangulia kuteremka. Nilipofika ukingoni nikasikia sauti yake redioni ikiniita, taratibu kuliko kawaida.

"Baba Somoe, nimepinduka huku chini. Miguu imebanwa. Masasi nawaita, hawanisikii."

Nikasimama, nikawaita Masasi, wakanipata. Nikawaambia namfuata, nikatia gia. Meneja, kule ofisini Masasi, akashika redio mwenyewe.

"Ukishuka tutakupoteza wewe, na yeye tutampoteza. Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Sijafanya kazi ngumu kuliko ile. Nilipeleka maneno ya Baba Zuhura Masasi, na ya Masasi kwake: alipo, gari limelalia upande gani, gari la winchi la kuliinua limeshatoka. Katikati nilimchokoza aendelee kuongea. Akaniuliza kama korosho zimelowa, akanisimulia Zuhura anavyokataa kuachishwa ziwa. Akinyamaza, nilimwita mpaka aitike. Mwishowe nikasikia kupitia redio yake watu wakigonga bodi la lori, ndipo nikalala juu ya usukani nikalia.

Mguu wake mmoja ulikatwa. Walimweka kwenye redio ya ofisini Masasi, na kwa miaka mingi kila dereva aliyefika ukingoni alipokewa na sauti yake, akimuuliza ametoka wapi na amekula nini.

Simu za mkononi zilipoenea, mtambo ukang'olewa. Yeye akarudi Chiungutwa, nami nikastaafu hapa Newala. Hunipigia. Tukishasalimiana na kuulizana hali za wajukuu, maneno hutuishia, hata yeye aliyekuwa hayamalizi. Hakati simu, nami sikati. Namsikiliza anavyopumua mpaka salio lake linapokwisha.