Mlevi wa Jumatano Jioni

Wiki iliyopita nilisimama Keumbu kununua ndizi, na redio ya dukani ilikuwa na mchezo wa kuigiza. Ndani yake mlikuwa na mlevi. Aliigiza vibaya, maskini, akipiga kelele kama dalali. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka, maana nilimkumbuka bingwa wa kazi ile na nilichomtendea.

Baba yangu alikuwa mkulima wa chai kule Nyacheki, shemasi wa kanisa la Wasabato, na mlevi wa redioni. Usinicheke. Miaka ile ya sitini ikielekea sabini, kila mwezi alipanda basi kwenda Kisumu kurekodi michezo ya Kiswahili, na kila mara alipewa sehemu ileile. Hakuwahi kuwa chifu wala daktari. Jumatano jioni majirani walijaa kwetu, kwa kuwa ni sisi tu tuliokuwa na redio, na betri zake tulikuwa tumezianika juani mchana kutwa. Mama alipakua ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, nyanya akaombwa anyamaze, na baba, aliyekaa palepale kwenye kigoda, akasikika redioni akilewa. Watu walicheka hadi machozi. Yeye alisikiliza kichwa ameinamisha, akijikosoa.

Na pombe hakuwahi kuionja. Alifanyia mazoezi migombani, nyuma ya jiko. Alipepesuka, akagonga mgomba, akauomba radhi: "Samahani mzee, sikukuona umesimama." Aliniambia mlevi wa kweli ana adabu kuliko mchungaji. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi zake, msichana mdogo, mtazamaji wake wa pekee, na nilijiona nimependelewa sana.

Kisha ikaja sinema ya gari, ile iliyozunguka vijijini. Walitundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, watu wa vijiji vyote vya lokesheni wakaketi nyasini, na baba akatokea kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, akianguka mtaroni. Ilikuwa filamu ya kuwaonya watu dhidi ya pombe. Mbele ya redio watu walikuwa wakicheka. Uwanjani walinyamaza, kwa sababu sasa walikuwa wamemwona kwa macho yao. Kesho yake shuleni wasichana walinifuata nyuma wakipepesuka, na mwalimu naye akatabasamu. Niliona aibu hadi nikatamani kuwa mtoto wa mtu mwingine.

Wazee wa kanisa wakaketi kikao. Walisema hakuna awezaye kulewa vizuri vile bila kuonja. Baba akakana. Basi wakaamua kumuuliza mtoto, kwani mtoto, walisema, hajui kuficha. Niliitwa Sabato moja baada ya ibada, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

"Mwanangu, usiogope," mzee wa kanisa aliniambia. "Umewahi kumwona baba yako akipepesuka pale nyumbani?"

Nilijua anachotafuta. Kama ningetaja mazoezi ya migombani, baba angekuwa amepona. Lakini nilijiambia kwamba wakimwadhibu ataacha redio, nami nitapumua.

"Ndiyo," nikasema. "Mara nyingi."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Baba alivuliwa ushemasi, akaketi benchi la nyuma pamoja na wageni mwaka mzima. Redio akaiacha. Siku ile, njiani kurudi nyumbani, nilingoja kiboko. Yeye alinishika mkono tu.

"Ulisema ulichokiona," akaniambia.

Kuanzia hapo hakuniita tena kumshikia karatasi, wala hapakuwa na karatasi za kushika.

Nimeziulizia kanda zile. Kule kituoni wanasema zilirekodiwa mambo mengine juu yake, na ile filamu hakuna ajuaye iliko. Migomba iling'olewa zamani, pakapandwa chai. Sauti yake haipo popote, ila kwangu, na mimi ni mtunzaji mbaya.

Alipofariki, niliyeandika wasifu wake ni mimi, na nikausoma mbele ya kanisa lilelile. Mkulima. Mume. Baba. Mshiriki mwaminifu. Wazee wawili wa kikao kile walikuwa bado hai, wameketi mbele yangu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, karatasi nzima iko mikononi mwangu, hakuna wa kunicheka. Kwamba alikuwa mwigizaji sikuandika.