Matete Chini ya Mwalo

Philomena aliishi Katoro miaka mingi bila kuwaza kwamba maji ya mvua yanaweza kumdhuru mtu. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya mwalo, pale wachimbaji wanaposaga mawe na kukamatisha dhahabu kwa zebaki. Mvua ikinyesha, tope la mwalo liliteremka hadi kwenye dimbwi walimochota maji ya kufulia. Kiangazi bomba likikauka, waliyapikia hayohayo.

Mwanawe, Eunice, alichelewa kukaa, kisha akashindwa kusimama. Mawifi walisema amerogwa. Philomena alizunguka kwa waganga hadi akachoka, ndipo akampeleka mjini Geita. Daktari alimuuliza mumewe anafanya kazi gani.

"Anachoma dhahabu, zebaki iruke."

"Anachomea wapi?"

"Jikoni kwangu."

Daktari aliandika kwenye kadi ya mtoto. Alisema hawezi kuapa kwamba zebaki ndiyo iliyomuumiza mtoto, lakini itoke nyumbani, na maji ya dimbwi wasiyaguse.

Luka, mumewe, hakubisha. Siku hiyohiyo aliacha kuchoma dhahabu. Lakini mwalo ulibaki palepale, na majirani waliendelea kuchota.

Generosa, fundi wa mradi wa maji, alipokuja kutafuta kiwanja cha kutengenezea chujio, Philomena alimpa shamba lake la viazi. Walichimba, wakaweka changarawe, mchanga, mkaa uliopondwa na pumba za mpunga, juu wakapanda matete. Tope lingetuama hapo, zebaki ingenaswa kwenye mkaa na mizizi, maji yangepenya polepole kuelekea dimbwini. Watu walicheka: mwanamke kung'oa viazi apande majani.

Mvua kubwa ya kwanza iling'oa nusu ya matete. Philomena alisimama mlangoni, Eunice mgongoni, akashindwa hata kulia. Luka alivaa mabuti, akaingia kwenye tope.

"Kaa na mtoto, Mama Eunice," alisema. "Nitayapanda mimi."

Mikono yake ilitetemeka, kama ilivyokuwa ikitetemeka tangu enzi za kuchoma dhahabu, lakini aliyapanda yote.

Baadaye Generosa alileta majibu ya vipimo. Zebaki ilikuwa imepungua sana, ingawa haikuwa imekwisha. Alisema maji wafulie, wasinywe, na mbuzi wasile yale matete, wala mtu asiyachome.

"Na hii iliyomwingia mwanangu," Philomena aliuliza, "itatoka lini?"

Generosa alikunja karatasi ya majibu. "Mimi najua ya maji tu, dada. Pole."

Eunice alifariki msimu uliofuata kwa homa ya mapafu. Alizikwa Tinde, kwa wazazi wa Philomena. Waliporudi, Philomena hakukanyaga tena kwenye chujio. Tope likajaa, maji yakaanza kupita juu kwa juu.

Asubuhi moja jirani yake Mageni alibisha hodi, ameshika mkono wa mwanawe aliyeanza kutembea.

"Mayu, mama yangu, nisamehe kukusumbua katika msiba wako. Tope limejaa kule, na huyu hashikiki, anakimbilia dimbwini. Mimi sijui kulitoa."

Philomena alimtazama yule mtoto. Akamwinua, akambeba kidogo, kisha akamrudisha kwa mama yake.

"Lete koleo," alisema. "Uvae na mabuti."

Wakateremka pamoja. Huko juu mashine za kusaga mawe zilikuwa zimeshawashwa.