Ubani wa Fidla

Juzi binti yangu alirudi kutoka skuli, hapa Maskati, na fidla ya kuazima. Nilifungua kasha nikanusa. Ikanijia harufu ya mbao tu.

"Mama, watafuta nini?"

Utotoni, kule kwetu kabla hatujahamia hapa, mwalimu wetu wa muziki alisema fidla hailii mpaka upinde upakwe utomvu mkavu wa mti. Nikamwambia Bibi.

"Ubani nao si utomvu wa mti? Nna mzuri, mpelekee," alisema, akaniokotea kipande kando ya chetezo.

Alasiri ile nilisugua upinde kwa ubani, ukakwaruza vibaya. Mwalimu aliunusa, akacheka, akanipa utomvu wake mwenyewe. Ubani wa Bibi akautia katika kasha la fidla niliyojifunzia, nami nikakua nikidhani fidla zote duniani hunukia vile.

Basi juzi hiyo nikatia kipande cha ubani katika kasha la binti yangu.

"Mwalimu akiuliza, mwambie fidla za kwetu hunukia hivi."