Mgonjwa Nisiyeweza Kumwita Jina

Mara ya kwanza nilianguka somo la dawa, na nilianguka kwa jambo ambalo hata leo likinijia linanikera. Swali lilihusu digoksini, dawa ya moyo. Niliandika inavyoupa moyo nguvu, inavyoupunguzia mbio, na dozi za mtu mzima na za mtoto. Sikuandika ni wakati gani muuguzi anapaswa kuizuia asimpe mgonjwa. Msahihishaji alikata alama kana kwamba nimekwisha kuua mtu, nami nikanuna wiki nzima.

Tulikuwa Iringa, katika chuo cha uuguzi, miaka ya sabini. Mwenzangu wa chumba alikuwa Mhehe wa Kilolo mwenye mdomo usiojua kupumzika. Yeye ndiye aliyenituliza, kama kule kulikuwa kutuliza.

"Ninyi Wanyakyusa mmezidi ukarimu," aliniambia. "Dawa unajua kuitoa, kuinyima hujui."

Nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja tu. Nikianguka tena, hakuna leseni. Ningerudi nyumbani, au nibaki hospitalini mhudumu wa kudeki wodi niliyokuwa nimekuja kuisimamia. Baba alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba binti yake ni nesi. Tena nilikuwa nimeposwa, ng'ombe wa mahari wameshafika kwetu Tukuyu, na wakwe wamekubali kusubiri hadi nimalize. Kila mtu alikuwa ananisubiri, na jambo hilo lilininyima usingizi.

Tulisomea jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Mama wa mwenzangu alikuwa akimletea gunia la viazi kutoka Kilolo, basi tulimenya huku mwenzangu ananiuliza maswali. Nikikosea, ananirushia kiazi. Kabla ya dawa yoyote alinidai yale mambo ambayo walimu walitukaririsha mpaka tukayaota: mtu ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, saa ndiyo.

"Cha kwanza?"

"Mtu. Unasoma jina kwenye kadi ya kitanda, unamwita, anaitika."

"Asipoitika?"

"Humpi kitu."

Ikaja digoksini. Unahesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, unazuia. Mgonjwa akichukia chakula, akitapika, akiona vitu vina rangi ya manjano, unazuia na kumwita daktari. Nililishika somo lile kwa hasira. Niliposafiri kwenda Mbeya, ambako mtihani wa marudio ungefanyika kwa vitendo wodini, kichwa changu kilikuwa kimejaa, na kwa mara ya kwanza sikuogopa.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Sista wa makamo kutoka Tanga, mpole wa sauti lakini hana mchezo. Aliniongoza hadi wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, akanikabidhi sinia lenye vidonge na glasi ya maji.

"Digoksini ya asubuhi," alisema. "Fanya kama niko mbali."

Moyoni nilicheka. Ile ile digoksini! Nikaishika kadi ya kitanda, nikasoma jina kimoyomoyo. Lilikuwa jina la baba wa mchumba wangu.

Asiyetoka kwetu anaweza kuona ni kitu kidogo. Kwa Mnyakyusa wa wakati ule, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hamgusi, hasemi naye, jina lake halitamki hata akiwa peke yake, na mkwe naye humficha uso. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, nikaingia migombani nikachutama na kujifunika khanga mpaka akapita. Kumbe alikuwa ameletwa Mbeya siku zile zile nilizokuwa jikoni nikimenya viazi, na barua ya habari hiyo haikuwahi kunikuta. Sasa mtihani ulinitaka nimwite jina kwa sauti, tena nianze na hilo kabla ya lolote.

Niligeuka nikampa mgongo. Kitambaa cha sinia nilikiinua hadi usoni.

"Binti, unaumwa?" Sista aliuliza.

"Hapana, Sista. Naomba unisaidie kulisoma jina hili."

"Hujui kusoma?"

"Najua."

"Basi soma. Mtihani ni wako, si wangu."

Nikaona kalamu yake ikisogea kwenye karatasi. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumfokea, na yote mawili yasingenisaidia. Hapo kitanda kikalia. Mzee alikuwa amegeukia ukutani na kujivutia blanketi kichwani, mkono mmoja ameuacha nje, kiganja juu.

"Sista," alisema kutoka mle blanketini, kwa Kiswahili kilichojaa Kinyakyusa, "hilo jina langu. Mwambie huyo mtoto, mimi ndiye. Na mumwambie chakula sikitaki tangu juzi. Na hili shuka lenu, nyinyi mnasema nyeupe. Mimi naiona ya manjano tu."

Sista alinitazama. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia kuliko nilivyowahi kusikia kitu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, macho kwenye saa yangu ya kifuani, nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Kumgusa kulikuwa ni kosa, lakini mkono ule ulikuwa umetolewa kwa ajili yangu, na niliupokea kwa heshima yote niliyokuwa nayo. Pigo lilikuja, likakawia, likaja tena. Nilihesabu dakika nzima. Arobaini na nane.

Nilisimama na kulirudisha sinia mezani.

"Dawa hii naizuia, Sista. Mapigo yako chini ya sitini, hali chakula, na anaona manjano. Namwita daktari sasa hivi."

Daktari alikuja, akaisimamisha dawa. Nje, kwenye varanda, Sista alitaka kujua kwa nini sikumtazama mgonjwa wangu hata mara moja. Nikamweleza.

"Siku moja utakuwa zamu peke yako," alisema, "na mkweo hana nguvu ya kujisemea. Utafanyaje?"

Sikuwa nimefikiri jibu, likatoka lenyewe. "Nitamwita jina lake. Kisha nitakwenda nyumbani kuomba radhi."

"Haya," akasema, akaandika. "Umefaulu."

Niliketi palepale kwenye ngazi, na kofia yangu ya unesi, na nikalia machozi ya raha mbele za watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Jioni nilikwenda kwa shangazi yangu aliyekaa Ilomba, hapo hapo Mbeya, nikala ndizi sahani mbili, nikalala kama mtoto. Mwenzangu wa Kilolo nilipomsimulia, alicheka mpaka kisu cha viazi kikamtoka mkononi, kisha akasema sasa nimejua kunyima, tena nimeanzia kwa wakwe.

Mzee alipona, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dozi ndogo. Nilipoolewa hatukuongea, ndivyo ilivyotakiwa. Ila kila nilipofika likizo, mama mkwe aliniita uani, kwenye dirisha la chumba cha mumewe. Dirishani palikuwa na mkono umetolewa nje, kiganja juu, nami nilipiga magoti nikahesabu dakika nzima. Kisha nilimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, kwamba moyo wa baba unakwenda vizuri.